Je, Wajua kwa Nini Kengele ya alarm() Huweza Kulia na Programu Ikaendelea Kusubiri?

Programu ya C inapomtaka mtumiaji aandike nywila kupitia fgets(), yaani funksheni ya kusoma mstari, hulala ndani ya wito wa read(), na kerneli (kiini cha mfumo endeshi) haiiamshi mpaka kitufe cha Enter kibonyezwe, hata kama mwenye kibodi ameshaondoka zake. Katika Linux na mifumo mingine ya jamii ya Unix, dawa ya siku nyingi ni kuita alarm(10) kabla ya fgets(), ili baada ya sekunde 10 kerneli iitumie programu ishara ya SIGALRM. Ishara hiyo isipoandaliwa funksheni ya kuipokea, huiua programu papo hapo. Kwa hiyo wengi huiandaa kwa signal(), wakitarajia kwamba fgets() nayo itaacha kusubiri.

Hapo ndipo wanapokwama. Kengele hulia, funksheni hutekelezwa, kisha programu hurudi kusubiri kana kwamba hakuna kilichotokea. Sababu ni kwamba signal() ya glibc (maktaba ya C ya Linux), kwa kawaida, hufuata desturi ya BSD (tawi mojawapo la Unix) na kuwasha bendera ya SA_RESTART, ambayo huiagiza kerneli iuanze upya wito uliokatizwa. Desturi hiyo ina manufaa makubwa kwingineko, lakini hapa tunachokihitaji ni huko kukatizwa kwenyewe. Tumia basi sigaction(), ambapo sa ni kigeu cha struct sigaction na pokea ni funksheni yako ya kuipokea ishara:

sa.sa_handler = pokea;
sigemptyset(&sa.sa_mask);
sa.sa_flags = 0;
sigaction(SIGALRM, &sa, NULL);
alarm(10);

Sifuri ile ya sa_flags ndiyo yenye kazi: sasa read() hurudisha -1, errno (kigeu cha namba ya kosa) huwa EINTR, yaani wito umekatizwa na ishara, na fgets() hurudisha NULL. Mtumiaji akijibu mapema, ita alarm(0) mara moja, la sivyo kengele italia katikati ya shughuli nyingine. Ndani ya pokea() usiite printf(), kwa sababu ishara huweza kuingia wakati printf() nyingine haijamaliza kazi yake. Badilisha tu kigeu cha aina ya volatile sig_atomic_t, ambacho ni salama kubadilishwa ndani ya funksheni ya ishara.

Hata hivyo unabaki mwanya mmoja: mashine ikielemewa, kengele huweza kulia kabla read() haijaanza, na programu ikasubiri bila kikomo. Ndiyo maana katika programu mpya ninapendelea poll(), wito wa kusubiri data iwe tayari kusomwa, ambao hupewa muda wake yenyewe, kwa mfano milisekunde 10000, na hurudisha 0 muda huo ukipita bila chochote kuandikwa.