Mafuta ya karafuu na makunyanzi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kuna dhana kwamba mafuta ya karafuu hufuta makunyanzi, na kwamba ni mafuta tu kama ya nazi, unajipaka utakavyo. Wanaojua kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) cha Wawi, Pemba, hawatakubali. Mvuke hupitishwa kwenye makonyo, hupozwa ukarudi maji, na mafuta ya karafuu huzama chini ya maji hayo badala ya kuelea. Kinachopatikana ni kikali mno: sehemu yake kubwa ni yujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu na ukali wake. Kwa ngozi, kiwango kinachopendekezwa hakizidi asilimia 0.5, yaani kama matone 10 katika mililita 100 za mafuta ya nazi. Na hayo ni ya mwili. Uso mimi ningeuacha.

"Yakiwasha ujue yanafanya kazi." Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Yujenoli hutia ganzi, ndiyo maana madaktari wa meno huitumia, lakini ganzi si ujana. Muwasho maana yake ngozi imeudhika, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi, ikishaudhika mara nyingi huacha mabaka yanayokaa miezi. Wengine hupata mzio kabisa. Umoja wa Ulaya unataka jina la yujenoli liandikwe kwenye lebo ya krimu ya kubaki ngozini ikizidi asilimia 0.001 tu.

Je, yanafuta makunyanzi? Katika maabara yujenoli ni antioksidanti nzuri, yaani huzuia kemikali zinazoharibu chembe hai, hilo halina ubishi. Ila chembe hai kwenye kisahani hazina jua, jasho wala miaka 50. Dawa ya kupaka yenye ushahidi wa miaka mingi kwa watu ni tretinoini, nayo huandikwa na daktari, na mjamzito haitumii.

Eti cha asili hakidhuru? Jipake mafuta yaliyokamuliwa kwenye maganda ya ndimu, kisha utoke juani. Malengelenge yatakujibu.

Kinachozeesha uso zaidi ni jua lenyewe. Huko Nambour, Australia, watu 903 walio chini ya miaka 55 walifuatiliwa kwa miaka 4.5, matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Waliopaka losheni ya kukinga jua kila siku walikuwa na dalili za ngozi kuzeeka pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka walipojisikia.