Je, wajua kwa nini roketi ndogo ni ngumu kurudisha kuliko kubwa?

Kwa muda mrefu niliamini kinyume. Nilikuwa nimeona Falcon 9, dude la mita 70 lililopandisha setilaiti yetu Wakenya, Taifa-1, Aprili 2023, sehemu yake ya chini ikirudi na kusimama wima kwa moto wa injini zake. Nikajiambia, basi Electron ya mita 18, inayorushwa New Zealand, itatua kama njiwa.

Nilisahau kwamba mafuta ya kutua lazima kwanza yapandishwe juu, na roketi ikipunguzwa, si kila kilichomo hupungua nayo. Kompyuta, nyaya na vali haziwi nyepesi kwa kiwango hichohicho. Ni kama ushuru wa soko. Tuseme pale Kibuye, Kisumu, kila mchuuzi analipa ada moja, awe na beseni la omena au magunia kumi. Wa magunia hashtuki. Wa beseni ameshaumia kabla ya kupima gorogoro ya kwanza. Ukimdai na mchango wa chama siku hiyohiyo, yaani mafuta ya kutua, atarudi nyumbani mikono mitupu.

Faida ya roketi ni mzigo. Falcon 9 isiyorudishwa hupandisha tani 22 hivi, takriban asilimia 4 ya uzito wake wa kuondokea. Electron hupandisha kilo 300 kati ya tani 13 hivi: asilimia 2 na ushee. (Tofauti hiyo haitokani na ukubwa peke yake, injini nazo zina mchango. Tena kilo inayoongezwa sehemu ya chini haipunguzi kilo nzima ya mzigo, kwa sababu sehemu hiyo huachwa njiani.)

Kwa hiyo sehemu ya chini ya Electron ilijaribiwa kushushwa kwa parashuti, isiyohitaji mafuta. Novemba 2020 Rocket Lab, wenye roketi hiyo, waliiopoa baharini mara ya kwanza. Maji ya chumvi na injini havipatani, basi Mei 2022 wakajaribu kuidaka hewani kwa helikopta yenye ndoana. Wakaidaka kweli! Ila roketi ilivuta tofauti na walivyozoea mazoezini, rubani akaiachia, ikaangukia baharini vilevile. Baadaye wakaachana na helikopta, wakarudi kuvua.

Injini moja ya roketi ile iliyoponyoka iliruka tena Agosti 2023. Moja, kati ya tisa.