Eti mchezaji aachiliwe kwa sababu mkewe kasamehe

Barua ya tatu hii tangu Ramadhani iishe. Zote zimechapwa saiba moja (duka la kompyuta) hapa Malindi mjini, najua manake zote zaanza na "Muheshimwa Hakimu" na zote zaishia "bila kulazimishwa na mtu yoyote yule", na hii ya juzi walisahau hata kubadilisha jina, yasema mimi binti wa fulani, wa Mambrui, nimemsamehe mume wangu. Mimi ni wakili, na mteja wangu, mke aliyepigwa, hata Mambrui hakai. Nikamuuliza, mamangu, huyu binti wa Mambrui ni nani? Akaitazama barua, akamtazama mamake mume aliyekuwa amekaa kando yake kapakata mkoba, akanyamaza. Mkono wa kulia bado una plasta mpaka juu ya kiwiko. Sahihi yenyewe ni kidole gumba cha kushoto, na huyu ni mtu amemaliza kidato cha nne.

Mumewe anacheza boli. Si nyota wa Ulaya, lakini akifunga goli pale Alaskan vijana wa boda wapiga honi mpaka Maweni, kwa hivyo kwetu sisi ni selebu tu. Alikiri kosa siku ya kwanza kortini, sasa yuko ndani angoja hukumu na ripoti ya probesheni (afisa anayemchunguza mtu kabla hakimu hajatoa adhabu), na mtaa mzima umegeuka mawakili. Kila nikipita barazani nasimamishwa, eti mwanangu wakili, mtu kama yule atafungwaje, mbona Mayweather, yule bondia wa Marekani, alifanya na bado ni bilionea, mbona mkewe mwenyewe hataki. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kahawa ikinipolea mkononi. Naandika hapa mara moja. (Nimegeuza vitu viwili vitatu ili mteja asijulikane, msianze kukisia. Na msinambie nachukia wanaume, natetea washtakiwa pia, tena wa makosa haya haya.)

"Mwenye kupigwa ameshasamehe, nyinyi mwang'ang'ania nini?"

Hii ndiyo yanipandisha presha. Sikizeni. Kesi ya jinai si deni la dukani kwamba mwenye duka akisema sikudai basi yamekwisha. Faili imeandikwa Jamhuri dhidi ya fulani, mke hapo ni shahidi, na kwa kesi za aina hii kifungu cha 127 cha sheria ya ushahidi chasema mke aweza kuitwa atoe ushahidi hata kama mume hataki. Mwenye kesi ni kiongozi wa mashtaka, na hata yeye akitaka kuiondoa, katiba kifungu cha 157 yamwambia aombe ruhusa ya korti kwanza.

Najua mtu ataniletea 204. Haya, tuongee 204. Ni kweli, kifungu cha 204 cha sheria ya utaratibu wa jinai charuhusu mlalamishi kuondoa lalamiko kabla ya uamuzi wa mwisho, lakini hakimu lazima aridhike kuna sababu ya kutosha, na hapa ndipo watu hawasomi mpaka mwisho, lalamiko likiondolewa kwa 204 mshtakiwa anaachiliwa kabisa, imekwisha hiyo, akirudi kukuvunja mkono wa pili wafungua kesi ya mkono wa pili, ule wa kwanza umekwenda na maji. Tofauti na kifungu cha 87(a) cha sheria hiyo hiyo, ambacho kiongozi wa mashtaka akikitumia kabla mshtakiwa hajaanza kujitetea, kesi yaweza kurudishwa. Wanawake wangapi wameweka sahihi ya 204 wakidhani ni kusimamisha tu kidogo jamaa atulie? Wengi waliopita ofisini kwangu hawakujua. Na kile cha 176 cha kupatanisha watu, ni cha shambulio dogo na makosa ya binafsi yasiyo felonia, yaani yasiyo makosa makubwa. Mfupa uliovunjika mara mbili twauzungumza kwa 234 ya kanuni ya adhabu, kudhuru vibaya, ambayo adhabu yake yaweza kufika maisha. Hapo hakuna cha kikao na soda.

Na huyu wetu ashakiri. Kwa hivyo barua hata iwe imechapwa kwa dhahabu haifuti kitu, kazi yake sasa ni kwenye mitigesheni tu, ile ya kuomba adhabu ipunguzwe, hakimu aipime. Na hakimu si mtoto, ataiuliza ile barua maswali: nani amekuleta leo? Nani alilipa saiba? Kodi ya nyumba mwezi huu imetoka wapi? Nimeona hakimu akimtoa mama mkwe nje ya korti ndiyo amuulize mke, na jibu likabadilika kabla mlango haujafungika.

Lakini kinachoniudhi zaidi si sheria. Ni hesabu. Watu mnaongea kana kwamba huyu mtu hajaonewa huruma hata siku moja, kwamba serikali imetokea tu ikamzoa. Mimi nilikaa na mteja tukahesabu. Mara ya kwanza, kofi, mama mkwe akasema mvumilie ana presha ya ligi. Mara ya pili nahodha wa timu alikuja mwenyewe na mfuko wa maembe kuomba msamaha kwa niaba. Mara ya tatu alifika kituoni, kituo sitakitaja, akaambiwa nendeni mkayamalize nyumbani huyu ni kijana wetu. Mara ya nne ndiyo plasta. Kwa hivyo kabla ya pingu ashapewa huruma mara tatu, na kila mara alichojifunza ni kimoja, kwamba hakuna litakalotokea. Mtu maarufu huwa hafiki jela kwa kosa la kwanza, afika baada ya kumaliza akiba yote ya huruma ya ukoo, timu na polisi. Sasa mwataka hakimu atoe ya nne?

Ndiyo maana hao kina Mayweather mnaowaleta kama utetezi ni ushahidi wangu mimi. Mwaka 2002 alikiri kupiga, kifungo kikaahirishwa. 2004 akapatikana na hatia tena, wanawake wawili, kifungo kikaahirishwa tena, akaambiwa apate ushauri nasaha. Mwezi wa 9 mwaka 2010 akaenda kwa mama wa watoto wake akampiga watoto wakiona. Ile siku 90 aliyopewa Desemba 2011 mwaiita ukali? Ilikuwa ni mara ya tatu kuombwa kwa upole.

Na O.J. Simpson, nyota wa boli la Kimarekani, Mwaka Mpya wa 1989, mkewe akatoka nje mbio amevimba uso, na askari aliyefika usiku ule alikuja kusema kortini kwamba mwanamke alilalamika polisi washakuja mara nane na hawafanyi kitu. Adhabu ikawa miaka miwili ya uangalizi, saa 120 za kazi za jamii, faini ndogo, na ushauri nasaha akaruhusiwa kuupata kwa simu. Kwa simu! Juni 1994 Nicole Brown akauawa. Kwenye mauaji O.J. aliachiliwa 1995, na 1997 korti ya madai ikamwona anawajibika, hayo ya nani aliua yabishaneni wenyewe, mimi naongea ile hukumu ya 1989 ilivyomwambia mwanamke yule uhai wake ni bei gani.

Hapa kwetu twamkumbuka marehemu Samuel Wanjiru, dhahabu ya marathoni Beijing 2008. Desemba 2010 alikamatwa akidaiwa kumtishia mkewe kwa bunduki, akakana, wakapatana, lalamiko likaondolewa, watu tukapiga makofi. Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake usiku wa ugomvi wa ndoa, miaka 24. Sisemi jela ingemwokoa. Nasema nyumba ile ilikuwa yahitaji mtu wa kuingia kati kwa lazima na sote tuliridhika na picha ya wawili wakitabasamu.

Kusamehe ni haki yake mke na sina neno. Aweza kusamehe na bado mtu akatumikia, aweza hata kumpelekea biriani siku ya kutembelea. Ni vitu viwili.

"Ukimfunga umeua kipaji"

Mayweather alitakiwa kuingia jela Januari 2012, akaomba asogezewe, hakimu akakubali ili apigane na Cotto tarehe 5 Mei, pambano alilohakikishiwa dola milioni 32. Juni 1 akaingia, wiki mbili baadaye mawakili wake wakarudi eti chakula cha jela hakimfai, maji hayamfai, atolewe amalizie nyumbani, hakimu akakataa. Agosti 3 akatoka. 2015 akapigana na Pacquiao akatia mfukoni zaidi ya milioni 100. Kipaji kiko wapi kilichokufa? Fundi wa mabati wa Barani akimwambia hakimu nisogezee kifungo nina paa la kumalizia, korti nzima yacheka mpaka karani.

Halafu Kenya ukipewa miaka mitatu na ukawa na nidhamu wapunguziwa theluthi, ni miwili. Straika wa miaka 23 atatoka na 25. Mkono wa mteja wangu daktari asema huenda usinyooke vizuri tena, na yeye riziki yake ni kusuka nywele.

"Ni hasira za ulingoni, mwili ushazoea"

Hasira gani hizo zinazojua anwani? Refa anamnyima penalti waziwazi na hamgusi. Kocha anamweka benchi mechi tatu na hamgusi. Afika nyumbani chai haina tangawizi ndiyo mwili wakumbuka mazoezi. Tupite.

"Nyota huonewa, korti zataka kuwafanya mfano"

Oscar Pistorius, mkimbiaji wa Afrika Kusini, alimpiga risasi mpenzi wake Reeva Steenkamp tarehe 14 Februari 2013. Kwanza akapewa miaka 5 ya kuua bila kukusudia, akakaa ndani kama mwaka hivi akatolewa akamalizie kwa ami yake. Korti ya rufaa ikasema hapana, hii ni mauaji ya kukusudia. Kurudi kwa hakimu akapewa 6, wakati kima cha chini Afrika Kusini kwa kosa lile ni 15, na katika sababu za kupunguza ilitajwa kwamba ni shujaa aliyeanguka, kazi imekwisha, pesa zimekwisha. Yaani kuwa alikuwa juu ndiko kulikompunguzia! Novemba 2017 rufaa tena, 13 na miezi mitano, tangu Januari 2024 yuko nje kwa parole, yaani amalizia kifungo nje kwa masharti. Asingekuwa na medali, mngewahi kumsikia mtu akihukumiwa mara tatu mpaka adhabu ifanane na kosa?

"Shauri la mke na mume lipelekwe kwa Kadhi"

Kadhi wa Malindi namheshimu sana, lakini katiba imempa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Mfupa hakupewa.

Na wale wa kusema mwanamke mwenye jina na pesa zake hawezi kupigwa, Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake watupu Septemba 2021, mwezi uliofuata alikutwa ameuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten, na mumewe ndiye aliyeshtakiwa. Rebecca Cheptegei alikimbia marathoni ya Paris Agosti 2024, Septemba mosi mwanamume aliyekuwa na uhusiano naye alimmwagia petroli akamwasha, siku nne akafa. Familia yake ilisema walikuwa washapiga ripoti. Sasa mkiniambia korti ziwe laini zaidi kwa watu wa michezo, mwamaanisha watu wa michezo gani?

Haya, je, apunguziwe? Inawezekana, na nitawaambia kwa lipi. Alikiri mapema, hiyo ina uzito wake, imemwepushia mke kuhojiwa kizimbani. Ni mara yake ya kwanza kwenye rekodi (kwenye rekodi nimesema). Akiwa kweli ameanza ushauri nasaha, si ule wa simu, na akalipa gharama za hospitali, afisa wa probesheni ataandika hayo na hakimu atayasoma. Mvuvi wa Shela akikiri mapema na akalipa hospitali apate hicho hicho, kipimo kile kile, bila kuuliza ana goli ngapi.

Na nyinyi akina mama niwachoshe na wimbo wangu, wateja wangu waujua: nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Usiondoke kituoni bila nambari ya OB, iandike hata kwenye kiganja, iandike nyuma ya leso. Ukiambiwa mkayamalize nyumbani, sema sawa afande, nipe nambari kwanza. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, ni ya bure. Piga picha alama siku ile ile na siku ya tatu, manake jeraha la siku ya tatu ndilo laonyesha rangi. Na kuna sheria ya 2015 ya unyanyasaji wa nyumbani, waweza kuomba amri ya kumzuia asikukaribie hata kabla mtu hajashtakiwa.

Mteja wangu alirudi Alhamisi, peke yake, kwa tuktuk. Akauliza kama aweza kuandika barua yake mwenyewe. Nikamwambia yaitwa maelezo ya mwathiriwa, sheria ya 2014 yampa nafasi hiyo, na mimi naweza kuandika yeye akisema. Akakataa, akataka kalamu. Aliandika kwa mkono wa kushoto karibu saa nzima, mistari minne, herufi kama za mtoto wa chekechea. Mstari wa kwanza wasema amemsamehe. Wa pili wasema aomba asirudi nyumbani kwake. Wa tatu na wa nne ni ya mambo ya watoto, sitaiweka hapa.

Nimeshaipeleka kwenye faili. Ile ya binti wa Mambrui iko kwenye droo yangu, pamoja na zile mbili za mwanzo.