Je, wajua maofisa wa Navy (jeshi la majini) ya Marekani walilipwaje safari zao wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe?

Wengi wanadhani kwenye ile vita ya 1861 hadi 1865 ofisa wa Navy alikuwa anakusanya risiti za treni, hoteli na msosi halafu serikali inamrudishia alichotumia. Hapana. Kwa safari za ndani ya nchi risiti hazikuwa na kazi kabisa, sheria ya Machi 3, 1835 ilisema ukisafiri kwa amri unapata senti 10 kwa maili, basi. Umelala wapi, umekula nini, hiyo juu yako, cha muhimu ni amri. Umeenda likizo kuona familia? Hupati kitu.

Ni kama posho ya semina Dodoma, ulale hoteli au kwa shangazi kiwango ni kilekile, ukibana chenji yako, ukizidisha unatoa mfukoni. Ila wenzetu walihesabu umbali badala ya usiku, yaani maili 1,000 ni dola 100 hata kama njiani umekwama siku nne unakula hela yako mwenyewe. Na safari ndefu zilikuwepo kweli, maana vita iliingia mpaka mitoni, kikosi cha mto Mississippi kilikuwa na kituo Cairo, ile ya Illinois, mbali kabisa na bahari.

Kinachonivutia zaidi ni hiyo senti 10 yenyewe. Ilipangwa reli zikiwa bado changa, watu wanapanda magari ya farasi. Halafu 1862 serikali ikaanza kutoa noti zisizobadilishwa kwa dhahabu, na Julai 1864 dola ya karatasi ikashuka chini ya senti 40 za dhahabu, kwa hiyo senti 10 ya kwenye sheria ikawa haifiki hata senti 4 za dhahabu. Lakini bei za kila siku hazikupanda sambamba na dhahabu, usichukulie hiyo kuwa ndio hasara yote ya ofisa.

Safari za nje ndiko risiti zilikohusika, wizara ya Navy ilizoea kulipa gharama halisi tu. Mwaka 1884, kiwango kipya cha senti 8 kikiwa kimeshawekwa tangu 1876, Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya Graham, ofisa wa Navy aliyedai malipo ya safari zake, ikasema sheria ya 1835 haikutenganisha ndani na nje, na mazoea ya wizara hayawezi kushinda maneno yaliyo wazi, hivyo hata nje ilitakiwa kuwa senti 10 kwa maili.