Mabingobingo hayataki kubanana, wala yuria ya haraka

Kwenye mabingobingo, majani marefu ya kulisha ng'ombe, au nepia kama wasemavyo Kenya, ushauri wa jirani haukosekani. Mwingine unagharimu.

"Panda karibu karibu, utavuna mara mbili." Mkato wa kwanza utakudanganya hivyo, kwa sababu mashina yaliyosongamana hufunika ardhi mapema. Baadaye yanagombania maji, huku yaliyopewa nafasi yakitoa machipukizi hadi pengo linazibika. Penye mvua nzuri, sentimita 90 kwa 60 zinatosha: mashina kama 7,500 kwa ekari. Penye ukame ni mita 1 kwa mita 1, yaani kama 4,000. Hayo 3,500 ya ziada ni vipandikizi vya kununua, kubeba na kuchimbia. Ila anayeacha nafasi pana akaze palizi, maana mwanzoni jua linafika chini na magugu hayangoji kukaribishwa.

"Tia yuria siku ya kupanda, majani yaanze na nguvu." Yuria ni mbolea ya naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Kipande chenye pingili tatu, mbili zikiwa udongoni, hakijawa na mizizi ya kunyonya naitrojeni hiyo. Mvua huizamisha chini; ikiachwa juu ya udongo, sehemu yake hupaa kama gesi ya amonia; inayobaki hulisha magugu. Siku ya kupanda weka samadi iliyooza, na TSP, mbolea ya fosfeti, kwa ajili ya mizizi. Yuria isubiri shamba lishike, lipaliliwe na udongo uwe na unyevu. Kisha irudiwe kila baada ya kukata, na ifukiwe.

"Mfuko ni mfuko tu." Yuria ina naitrojeni asilimia 46, CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, karibu 26. Mfuko wa kilo 50 wa yuria unakupa kilo 23, wa CAN kama 13. Dukani linganisha bei ya kilo ya naitrojeni, si bei ya mfuko.

"Majani ni majani, hayachoshi ardhi." Yanachosha sana ukiyakata na kuyapeleka bandani. Kila mzigo unaondoka na rutuba, basi samadi irudi shambani.

"Naitrojeni ikizidi, ng'ombe ananufaika." Majani yaliyotiwa mbolea nyingi kisha yakapigwa na ukame hulimbikiza naitreti, yaani naitrojeni ambayo mmea haujaitumia, na naitreti nyingi huua ng'ombe. Hujaa zaidi sehemu ya chini ya shina. Kama huna budi kukata wakati huo, kata juu zaidi na uchanganye na malisho mengine.