Sensa ya CMOS: anza na femtofaradi, megapikseli baadaye

Ukikabidhiwa kazi ya kubuni sensa ya picha ya CMOS (aina ya chipu inayonasa picha ndani ya kamera) yenye uwezo mkubwa, amua kwanza ukapasita (uwezo wa kuhifadhi chaji, hapa kwa femtofaradi) wa nodi inayoelea, yaani ile sehemu ndogo ndani ya pikseli ambamo elektroni hugeuka kuwa volti. Chaji ya elektroni moja ni kulombi 1.6 × 10⁻¹⁹. Kwenye nodi ya femtofaradi 1.6, kila elektroni husogeza volteji kwa mikrovolti 100. Nodi ikiwa ya 0.8 ni mikrovolti 200. Kelele zinazoingia baada ya hapo, za transista ya kusoma, za waya wa safu wima, za kigeuzi dijitali, hupungua kwa kiasi hichohicho zikihesabiwa kwa elektroni. Hakuna njia nyingine nafuu hivi ya kuona gizani.

Hasara yake ni ujazo. Nodi ya femtofaradi 1.6 yenye nafasi ya volti 1 hubeba elektroni 10,000; ya 0.8 hubeba 5,000. Wasiotaka kuchagua huweka transista ya ziada inayounganisha kapasita ya pili mwanga unapokuwa mkali. Inafaa, ila pale usomaji wa kapasita ndogo na ule wa kapasita kubwa unapokutana uwiano wa ishara kwa kelele huporomoka ghafla, na kwenye anga tupu jicho litauona mpaka huo.

Pikseli ya transista nne husomwa hivi: safisha nodi (ondoa chaji ya zamani), pima, fungua geti ya kuhamisha ili elektroni zitoke kwenye fotodayodi (sehemu inayogeuza mwanga kuwa elektroni) ziingie kwenye nodi, funga, pima tena, kisha toa kipimo cha kwanza kwenye cha pili. Mpangilio huu si wa hiari. Kila unaposafisha nodi ya femtofaradi 1.6 kwenye kelvini 300, joto huacha kosa la nasibu la takriban elektroni 16. Kipimo cha kwanza kinalinasa kosa lilelile, kwa hiyo kutoa kunalifuta. Pikseli za shata ya pamoja (zote hunasa mwanga kwa wakati mmoja) zinazohifadhi chaji kwenye nodi yenyewe haziwezi kufanya hivyo: usafishaji unaopimwa si ule uliotangulia ishara, makosa mawili yanajumlika, na unabaki na karibu elektroni 23.

Geti ya kuhamisha ndiyo inayokula muda wa mbunifu. Dalili ya kawaida ni mzuka wa fremu iliyopita. Mulika LED fremu moja, zima, kisha hesabu elektroni zilizosalia kwenye fremu ya giza. Zikipungua unapopandisha volteji ya geti, kuna kizuizi cha potenshali ukingoni mwa fotodayodi. Zikipungua unaporefusha palsi ya kufungua geti, elektroni zinasafiri polepole. Mzuka ukitokea kwenye mwanga mkali tu, shuku nodi: volteji yake imeshuka hadi karibu na ile ya fotodayodi, na chaji inarudi ilikotoka.

Transista ya kusoma ukiipanua, kelele yake ya masafa ya chini hupungua, lakini geti yake huongeza ukapasita wa nodi uliyohangaika kuipunguza. Usihukumu kwa wastani. Chora histogramu ya kelele za pikseli zote, utazame mkia: huko ndiko ziliko pikseli zinazopepesa kwa sababu ya mtego mmoja tu wa elektroni.

Kigeuzi cha rampu, yaani kigeuzi dijitali kinacholinganisha volti ya pikseli na volti inayobadilika kwa mwendo sawa (rampu) huku kikihesabu mapigo ya saa, ni hesabu ya muda. Mistari 1,000 kwa fremu 60 kila sekunde inakupa mikrosekunde 16.7 kwa mstari. Rampu ikipata 10 kati ya hizo, biti 12 zinahitaji saa ya takriban megahezi 410, au nusu yake ukihesabu kingo zote mbili za kila pigo, ya kupanda na ya kushuka.

Rampu hiyo hutumiwa na safu wima zote kwa pamoja, hivyo kelele yake huonekana kama michirizi ya mlalo, nayo inaudhi hata ikiwa ndogo. Lengo langu ni isizidi sehemu moja ya kumi ya kelele ya pikseli. Kuipima, chukua fremu ya giza na utafute wastani wa kila mstari. Kwa safu wima 1,600, kelele ya pikseli ya elektroni 2 hushuka hadi 0.05 kwenye wastani huo. Mtawanyiko wa wastani ukivuka 0.2, tenganisha umeme wa rampu na ule wa saketi za dijitali kabla ya kugusa pikseli.