Kitanzi cha VHDL: exit inakata nini hasa?

Anayetoka kwenye C au Python akaingia VHDL, lugha ya kuelezea saketi za kidijitali, hukuta maneno aliyoyazoea: for, loop, exit. Hapo ndipo anapojikwaa, kwa sababu ndani ya chipu hakuna kinachozunguka. Programu ya sinthesisi, yaani inayogeuza msimbo kuwa saketi, ikikuta kitanzi cha mizunguko 8, hukikunjua na kujenga saketi ile ile mara 8, zote zikifanya kazi kwa pamoja. Kwa hiyo idadi ya mizunguko lazima ijulikane kabla ya kujenga. Ukiandika for i in 0 to n, na n ni ishara inayotoka nje, sinthesisi kwa kawaida itakataa. Weka kikomo cha juu kabisa, kisha mwanzoni mwa kitanzi andika exit when i > n.

Tazama saketi hii inayotafuta biti ya juu kabisa iliyowaka kati ya 8:

nafasi <= 0;
for i in 7 downto 0 loop
  if ombi(i) = '1' then
    nafasi <= i;
    exit;
  end if;
end loop;

Ombi likiwa 00101000, biti ya 5 na ya 3 zimewaka. Kitanzi kinashuka kutoka 7, kinakuta 5, kinakatwa. Jibu ni 5. Futa exit na jibu linakuwa 3, maana ishara hushika thamani iliyopewa mwisho. Hakuna onyo litakalotokea, ndiyo maana kosa hili linaumiza. Mstari wa nafasi <= 0 nao usiuguse: ukikosekana, ombi likiwa sifuri tupu saketi italazimika kukumbuka jibu la zamani, na utapata lachi (kipengele cha kumbukumbu) usiyoihitaji. Kwa kuwa 0 ni jibu halali la biti ya 0 pia, ongeza ishara ya pili inayosema kama kuna ombi au hakuna.

Kwenye saketi, exit haiokoi muda. Inaweza kuongeza mageti, kwa kuwa kila nakala lazima ijue kama zilizotangulia zimeshakata. Kwa biti 8 hutahisi kitu. Kwa vipengele 64 vyenye ulinganishi mzito, mnyororo huo unaweza kushindwa kumaliza ndani ya nanosekunde 10 za saa ya MHz 100. Hapo achana na kitanzi, tumia kihesabio kinachokagua kipengele kimoja kila mpigo wa saa. Mipigo 64 ni nanosekunde 640 tu, na saketi inabaki ndogo.

Neno next huruka sehemu iliyobaki ya mzunguko mmoja. Vitanzi vikiwa ndani ya vingine, exit tupu hutoka kwenye cha ndani pekee. Kipe cha nje lebo, uitaje.

SystemVerilog, lugha nyingine ya kuelezea saketi, ina break na continue. Verilog ya 2001, iliyoitangulia, hutumia disable: ukitaja bloku inayozingira kitanzi, kitanzi chote kinakatika, ukitaja bloku iliyo ndani yake, unaruka mzunguko huo tu. Jihadhari na reg [2:0] i yenye sharti i < 8. Biti 3 hazifiki 8 kamwe. Baada ya 7 hurudi 0, na simuleta (programu ya kuiga saketi) huganda huku muda wake hausogei hata nanosekunde moja. Tumia integer. Kwa VHDL mtego ni wa kinyume: for i in 7 to 0 haizunguki hata mara moja, kwa hiyo unaposhuka andika downto.